Saratani ya utumbo mpana: matundu au mkato?

*Shikamoo daktari. Baba ana saratani ya utumbo mpana. Tunaambiwa akipasuliwa kwa matundu madogo, badala ya mkato mrefu wa tumbo, itarudi upesi. Ni kweli? (Binti, Igoma)*

Marahaba, binti yangu. Si kweli. Miaka ya 1990 hata madaktari walikuwa na hofu hiyo, maana wapo wagonjwa walioota uvimbe palepale walipotobolewa. Ndipo Marekani wakafanya utafiti kwa wagonjwa 872, wakigawanywa kwa kura: hawa matundu, wale mkato. Matokeo ya 2004 yalionyesha kuwa baada ya miaka 3 saratani ilirudi kwa asilimia 16 ya waliotobolewa na 18 ya waliofunguliwa tumbo, yaani hawakupishana kwa maana yoyote. Hata kwenye miaka 5 walikwenda sambamba. Faida ya matundu ni nafuu ya maumivu na kutoka wodini mapema. Kama mmoja kati ya watano wa utafiti ule, baba anaweza kuanza kwa matundu akamaliziwa kwa mkato, msimlaumu daktari. Baada ya upasuaji muulizeni kitu kingine: maabara imehesabu mitoki mingapi (vitezi vidogo vilivyo kando ya utumbo) kwenye kipande kilichotolewa? Inatakiwa angalau 12. Ikikutwa na saratani, dripu za dawa za saratani zitafuata, na asizikimbie eti kovu ni dogo.

*Juisi ya mstafeli inaponya? (Nyegezi)*

Hapana.

*Nimepasuliwa mwaka jana, niko fiti. Kliniki ya nini tena? (Kirumba)*

Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 ya mwanzo, na ikiwahiwa wengine hupasuliwa tena wakapona. Rudi kliniki. Mwaka ukitimia, uliza pia kuhusu kamera ya utumbo.

*Natoka damu chooni mwezi wa pili sasa. Duka la dawa wamenipa dawa ya bawasiri. Nitumie hadi lini? (Mvuvi, Nansio)*

Jamani, swali hili tena! Huku ziwani kichocho cha tumbo kinatoa damu, bawasiri inatoa damu, saratani nayo inatoa damu, na hakuna muuza dawa anayeweza kuzitofautisha akiwa nyuma ya kaunta. Na usichelewe: wagonjwa wa utafiti wa Marekani niliomweleza binti wa Igoma walichaguliwa, utumbo haujaziba, saratani haijasambaa. Ikishafika kwenye ini, matokeo yale hayakuhusu tena. Nenda hospitali ya wilaya wiki hii, ukubali kupimwa kwa kidole bila kuona haya, useme kama choo kimekuwa chembamba au umepungua uzito, na uombe rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza.