Rangi usipake kwa mkono, iwekeni kwenye themu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya websaiti za WordPress (programu ya kutengenezea websaiti) hapa Mbeya, hili nililipata kwa maumivu. Nilikuwa na mteja wa Tukuyu anauza parachichi, kurasa 30 na kitu, na kila batani nimeipaka kijani mwenyewe kwa kuandika namba ya rangi, #2e7d32, moja moja. Siku moja kanipigia, kaka nimebadilisha maboksi, sasa nataka kijani cha giza. Nikaenda kwenye themu, yaani mafaili yanayoipa websaiti mwonekano wake, nikabadilisha, nikasevu, nafungua ukurasa batani ziko vile vile, nikakesha siku 2 nazibadilisha kwa mkono.

Iko hivi, unachoandika kwenye edita ya bloku ya WordPress (bloku ni vipande vinavyojenga ukurasa, kama aya, picha au batani) kinakaa databezi, na ile namba ya rangi inaingia humo humo ndani ya bloku pamoja na maneno yako, sasa themu inaipita tu. Ila ukichagua rangi kutoka kwenye paleti ya themu (orodha yake ya rangi), bloku inabeba jina tu, tuseme primary, rangi yenyewe inasomwa kwenye faili la theme.json, ukibadilisha pale mara moja kurasa zote zinafuata. Na majina mpeni kwa kazi yake, msiite green, kesho mteja akitaka nyekundu mtakuwa na nyekundu inayoitwa green. Pia mkihamia themu nyingine ambayo haina jina hilo kwenye paleti yake, rangi inapotea, kwa hiyo angalieni majina kabla ya kuhama.

Kingine kinachowatesa wengi ni heda, ile sehemu ya juu ya kila ukurasa. Tangu toleo 5.9 la WordPress la Januari 2022, kwenye themu za bloku hata heda na futa (footer, sehemu ya chini ya ukurasa) ni bloku, faili lake liko kwenye folda ya parts. Sasa mteja akigusa heda kidogo kwenye edita ya saiti akasevu, nakala yake inaingia databezi na hiyo ndo inayosomwa, faili lako halina kazi tena. Utahariri header.html, utarifreshi mpaka bando liishe, hakuna kitu. Ingia kwenye edita ya saiti, tafuta hiyo heda kwenye sehemu za templeti, ikiwa imehaririwa kuna kitufe cha kuirudisha ilivyokuwa. Ila kabla hujakibonyeza kopi kwanza alichoweka mteja, maana kinafutika chote.