Yule jirani unayemuuliza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza yule mama jirani ninayemtajataja alikuwa nani kwetu, maana kwenye ndugu wote unaowajua humwoni. Hakuwa ndugu. Tulipakana ukuta tu, hakuna nasaba wala ukwe.

Bibi yako, unamjua, hakutaka cha mtu. Babu yako alipoachishwa kazi mambo yalitubana kweli, lakini ole wako uonekane umepokea kitu nyumba ya watu. Jirani yule alilijua hilo, akatafuta njia zake. Alikuwa ananiita: "Wewe mwenye macho, njoo unitungie uzi." Naulowanisha uzi mdomoni, naifinya ncha, naupenyeza kwenye tundu la sindano, namkabidhi. Nikitaka kuondoka ananishikisha daftari jipya, au viatu vilivyokwisha kumbana mwanawe. Mama akinihoji, jibu ninalo: nimefanya kazi, nimelipwa. Anatulia.

Jioni moja nilitumwa kumrudishia mkasi. Nikamkuta mlangoni peke yake, giza limeshaanza kuingia, anatunga uzi mwenyewe. Mara moja tu, ukapita! Aliponiona hata hakubabaika. "Leo umechelewa," akasema, akaendelea kushona.

Usidhani alikuwa malaika. Mkali yule! Mpira ukigonga dirisha lake mtaa mzima utajua, na kuupata tena ni kazi ya kubembeleza mpaka ulimi uchoke. Nadhani ndiyo sababu mama hakumshuku. Mtu anayekufokea mwanao namna ile, utamdhaniaje kwamba anakuonea huruma?

Au pengine mama alijua siku zote. Hilo nimelifikiria sana. Miaka ikapita, mambo yetu yakanyooka, jirani akaanza kuugua. Mama akawa anakwenda kwake kila asubuhi, eti kuazima sindano. Anarudi mchana, kule nyuma nyumba imefagiwa, nguo zimefuliwa na kuanikwa, mgonjwa ameoga. Sindano yenyewe hatukuwahi kuiona. Mimi nikacheka, akanikata jicho, nikanyamaza.

Picha yake uliyoomba sina. Mpigie shangazi yako, huenda anayo, kwani yeye ndiye aliyekuwa akishinda kule kujifunza kushona. Ila jiandae, atakusimulia zaidi habari za kufokewa.

Baba yako