Nikodi databesi ya klaudi au nibaki na SQLite?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu, pole na majukumu. Naandika programu ya maktaba, inasajili vitabu, nani kaazima nini na anarudisha lini. Wanaoingiza data ni watatu, kila mmoja na kompyuta yake, wote jengo moja, vitabu kama 6,000 hivi. Rafiki yangu anasema nikodi databesi ya klaudi, data ikae kwenye kompyuta za kampuni huko kwenye intaneti, nilipe kila mwezi, mwingine anasema SQLite inatosha na ni ya bure, ila nasikia eti SQLite ni ya kujifunzia tu. Intaneti yetu inakatika sana. Nishike lipi?

JIBU: Asante ndugu yangu kwa swali lililonyooka. Nianze na hilo la "kujifunzia tu" maana kila nikilisikia linaniuma. SQLite ilizaliwa mwaka 2000, D. Richard Hipp alikuwa anaandika programu ya kutumika kwenye meli ya kivita ya Marekani, sasa seva ya databesi (programu ya pembeni inayotunza data) ikizima na programu yake inakwama, lawama zinamwangukia yeye wakati kosa si lake, ndo akaamua atengeneze databesi isiyohitaji seva kabisa, data yote inakaa kwenye faili moja. Leo iko ndani ya simu za Android na iPhone, iko ndani ya Firefox na Chrome, na haina hakimiliki, ni mali ya umma. Kikomo chake ni kama terabaiti 281, kwahiyo vitabu 6,000 wala haitavisikia.

Yani wingi wa vitabu usikusumbue kichwa. Cha kujiuliza ni nani anaandika, akiwa wapi, na intaneti ikikatika mtu aliyesimama pale na kitabu mkononi atahudumiwa au ataambiwa arudi kesho. Ukiweka databesi klaudi kila kitu kinaenda na kurudi kupitia intaneti, ikikatika mmesimama wote watatu. Kwa hali uliyonielezea mi nakushauri ubaki na SQLite.

Ila hapa uniskilize vizuri, maana ndo watu wengi wanapoharibikiwa. Usichukue lile faili ukaliweka kwenye folda ya mtandao alafu kompyuta zote tatu zilifungue moja kwa moja. SQLite inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati, wengine wanasubiri zamu, na kufuli ya hiyo zamu inategemea mfumo wa mafaili, sasa folda za mtandao nyingi kufuli zake haziaminiki, watu wawili wanajikuta wanaandika pamoja na faili linaharibika, na hata waliotengeneza SQLite wenyewe wanaonya jambo hili. Fanya hivi: chagua kompyuta moja, faili likae humo, programu yako iendeshwe humo humo, hao wengine wafungue kwa brauza kupitia mtandao wa ndani ya jengo. Mtandao huo hauhitaji intaneti, ikatike isikatike kazi inaendelea. Washa na WAL (maingizo mapya yanaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni), ipo tangu 2010, inawaacha wanaosoma waendelee kusoma wakati mmoja anaandika, alafu weka busy_timeout ya sekunde tano hivi ili anayekuta zamu imeshikwa asubiri kidogo badala ya kutupiwa kosa usoni.

Kingine, SQLite kwa kawaida haikagui uhusiano kati ya meza (majedwali ya data) mpaka uiambie PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua, na inakubali kuweka maneno kwenye safu ya namba bila kulalamika. Tengeneza meza zako ziwe STRICT, yani zikatae data ya aina isiyo yake, utanishukuru siku ya kuhama.

Maana siku ya kuhama inaweza kuja. Mkifungua tawi mji mwingine na wote wanaandika kwa pamoja, au pale hakuna mtu wa kuiangalia hiyo kompyuta, basi klaudi ina maana kabisa, diski ikifa ni shida yao, masasisho wanafanya wao. Hapo kodi PostgreSQL, databesi yenye seva, ni huria nayo, ilianzia chuo cha Berkeley miaka ya 80, na uzuri wake ukichoka na huyo mwenye klaudi unatoa data yako kwa pg_dump unaenda nayo kwingine au unaiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe. Databesi ambazo anazo mtoa huduma mmoja tu ziangalie mara mbili, kuingia ni rahisi, kutoka ni kuandika programu upya.

Mwisho bakapu, na hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kunakili faili la SQLite huku programu inaendelea kuandika, nikalichukua lile faili kuu peke yake, kumbe maingizo ya mwisho yalikuwa bado kwenye lile faili la pembeni linaloishia na -wal. Diski ikaja kufa, nikarudisha bakapu, kazi ya karibu siku nzima ya watu haimo. Kwahiyo usinakili kienyeji, tumia amri ya VACUUM INTO, inakutolea nakala nzima hata watu wakiwa kazini. Nakala hiyo ifunge kwa nywila, intaneti ikirudi irushe klaudi, na mara moja kwa mwezi ifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama walioazima wote wamo.