Shaba ileile, mbona tabia tofauti?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi nasoma kidato cha sita hapa Kigoma mjini. Mwalimu alisema ligandi (zile molekuli zinazoishika shaba) zikiwa nene shaba inabadilika tabia, kengele ikalia akaondoka zake. Inabadilikaje na ni shaba ileile? – Msomaji, Mwanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Shaba ni ileile kweli, shida ni nafasi. Kopa(I), yaani shaba iliyopoteza elektroni moja, ikishikwa na nitrojeni nne za ligandi inapenda zikae kama mafiga matatu na jiwe la nne juu, yenyewe katikati. Ikinyang'anywa elektroni ya pili inakuwa kopa(II), na hiyo inataka zijilaze, kama pembe nne za mkeka. Sasa chukua fenantrolini mbili za kawaida (ligandi bapa, kila moja ina nitrojeni mbili), hizo zinaweza kujilaza kiasi, kwa hiyo oksijeni ya hewani ikipita tu inaichukua ile elektroni kiulaini.

Ila ukibandika kwenye kila fenantrolini methili mbili (vikundi vidogo vya kaboni na hidrojeni) pembeni mwa zile nitrojeni (hiyo ndo neokuproini), mambo yanabadilika. Si unajua boti za kwenda Mwamgongo, kila abiria na dumu la mawese mapajani, ukiwaambia wajinyooshe madumu yanagongana? Methili nazo zinagongana hivyohivyo, kujilaza haiwezekani, basi shaba inabaki kopa(I) na rangi yake ya manjano kuelekea chungwa, na wapimaji wa maji wanaitumia hiyo rangi kujua shaba imo kiasi gani, mashine wanaiweka kwenye nanomita 450 na kitu hivi.

Tena wale kaa wa ziwani kwetu, damu yao haitumii chuma kama yetu, ina hemosianini, yaani shaba mbili zinashika molekuli moja ya oksijeni na damu inakuwa bluu. Maabara ukijaribu kuiga hiyo hemosianini kwa ligandi nyembamba, shaba zinarundikana na oksijeni inaharibika fasta. Mwaka 1989 kule Japani, mkemia Nobumasa Kitajima na wenzake walitumia ligandi yenye vikundi vya isopropili, vinene kuliko methili, vikawa kama uzio, wakaikuta oksijeni imelala kiubavu katikati ya shaba mbili, na baadaye fuwele za hemosianini yenyewe zikaonyesha mkao huohuo, hapo mi huwa nawavulia kofia.

Ila unene nao una kiasi, ukizidisha hata ile molekuli unayotaka imenyuke na shaba inakosa pa kupita.