Jibu: Je, kiyoyozi cha R-410A kina madhara?

Umeuliza kama kiyoyozi cha R-410A, yaani kinachotumia gesi ya kupoozea yenye jina hilo, kina ubaya wowote, maana fundi amekuhakikishia hakiharibu tabaka la ozoni. Hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Gesi hiyo haina klorini, kwa hiyo ozoni haiguswi. Shida ni joto: kilo moja ikivuja huongeza joto duniani sawa na takriban kilo 2,000 za hewa ukaa, ukipima kwa miaka 100. Ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, makubaliano ya kimataifa chini ya Itifaki ya Montreal, yanazipunguza gesi za kundi lake (HFC) hatua kwa hatua.

Gesi nyingine, R-32, ina nafuu: kilo moja ni sawa na kama kilo 675 za hewa ukaa, lakini bado si kidogo. Mimi ningechukua R-290, yaani propani, ambayo kwa kipimo hichohicho haifiki hata kilo 5. Inawaka, kweli, na kwa sababu hiyo kiasi chake ndani ya mashine huwekewa kikomo. Usikubali mtu aijaze kwenye mashine ya R-410A, hata akijiita bingwa!

Hicho cha zamani ukikitoa, gesi ifyonzwe kwenye mtungi, isiachiwe hewani. Na kabla ya kununua kipya, zuia jua lisipige madirisha kutokea nje. Huenda ukahitaji mashine ndogo zaidi.