Krimu peke yake haiwezi choa cha mbwa

Msomaji anauliza abadilishe krimu gani. Amempaka mbwa wake wiki tatu, mabaka yakafifia, kisha mapya yakazuka mgongoni, na sasa paka naye ananyonyoka. Jibu: asinunue krimu nyingine kabla ya kupima.

Baka la mviringo lisilo na manyoya kwa mbwa mara nyingi ni bakteria kwenye vinyweleo, au utitiri wa demodeksi. Lakini paka wa nyumba hiyohiyo akinyonyoka pia, choa, yaani ugonjwa wa fangasi wa ngozi, kinashukiwa zaidi, hasa kinacholetwa na fangasi aitwaye Microsporum canis. Taa ya Wood, yenye mwanga wa urujuanimno (ultraviolet), huonyesha nywele zilizoambukizwa kwa kijani kinachong'aa. Tazama unywele wenyewe, maana magamba na mabaki ya krimu nayo hung'aa na kudanganya watu. Fangasi wa udongoni na wale wa panya hawang'ai kabisa, kwa hiyo taa kutoonyesha kitu hakumaanishi mnyama ni mzima. Chukua mswaki mpya, mpitishie mwili mzima dakika 2 hadi 3, upeleke maabara wakaoteshe fangasi. Majibu huweza kuchukua wiki 2 hadi 3.

Krimu inashindwa kwa sababu fangasi wako ndani ya unywele, na mbegu zao zimetapakaa hata mahali panapoonekana pazima. Osha mwili mzima mara 2 kwa wiki kwa shampuu yenye mikonazoli 2% na kloheksidini 2%. Povu likae dakika 10, kwa saa, si kwa kukisia; hapa ndipo wengi wanaharibu. Dawa ya kumeza, mara nyingi itrakonazoli miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ipangwe na daktari wa mifugo baada ya kumpima uzito. Griseofulvini, dawa nyingine ya fangasi ya kumeza, asipewe mnyama mwenye mimba, kwani huleta vilema kwa watoto.

Krimu mchanganyiko yenye betamethasoni, ambayo ni steroidi, iachwe kabisa. Wekundu na muwasho hupungua, mwenye mbwa anafurahi, huku kinga ya ngozi imelemazwa na fangasi wanaenea. Mashine ya kunyolea nayo huacha vijeraha vinavyopandikiza ugonjwa. Manyoya marefu yakatwe kwa mkasi wenye ncha butu.

Kisha nyumba. Mbegu hizi huweza kuishi hadi miezi 18 kwenye manyoya yaliyodondoka. Klorini ikimwagwa juu ya uchafu haifanyi kazi: ondoa manyoya kwanza, sugua kwa sabuni, suuza, ndipo upake dawa ya klorini ya nyumbani, sehemu 1 kwa maji sehemu 32, pabaki na unyevu dakika 10. Usiichanganye na dawa nyingine. Matandiko yafuliwe mara 2, maji mengi, nguo chache.

Ndama wenye magamba mazito ya kijivu kuzunguka macho wana fangasi wa jamii nyingine, Trichophyton verrucosum. Wengi hupona wenyewe baada ya miezi, ila nguzo za zizi hubaki na mbegu. Fangasi huyo naye humwambukiza binadamu, kwa hiyo vaa glavu.

Mbwa mwenye ngozi ya mafuta, harufu kali na weusi makwapani huenda ana Malassezia, fangasi wa jamii ya hamira, si choa. Huyo haambukizi wenzake. Tafuta kilichomwanzishia, mara nyingi mzio.

Manyoya yakiota, endelea na tiba. Acha pale vipimo 2 vya kuotesha, vilivyopishana wiki moja au mbili, vitakapotoka bila fangasi.