Megapikseli 61 kwa picha za harusi?

Dada, umeuliza kama uuze kamera yako ya megapikseli 24 ununue Sony A7R V ya megapikseli 61 (yaani pikseli, nukta za picha, milioni 61) kwa kazi ya harusi. Mimi nisingeuza.

Ongezeko linaonekana kubwa, lakini picha ina urefu na upana: upande mrefu unatoka pikseli 6000 hadi 9504 tu. Hizo 6000, ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, tayari zinakupa picha ya inchi 20. Albamu gani ya harusi inazidi hapo?

Gharama yenyewe huanza baada ya kununua. Faili moja la RAW (data ghafi ya kamera) lisilobanwa linapita MB 100, hivyo picha 2000 za sherehe moja zinavuka GB 200, na lazima uzihifadhi mara mbili. Kompyuta ya kawaida itasuasua. Ukikuza picha, kila mtikisiko wa mkono na kila udhaifu wa lenzi utauona.

Ungekuwa unapiga picha za mabango, au ndege wa mbali ambao lazima ukate sehemu kubwa ya picha ili waonekane wakubwa, ningekuambia nunua leo. Kwa sasa chukua lenzi nzuri ya mm 85 f/1.8 (ya picha za watu, inayopitisha mwanga mwingi) na diski mbili za akiba.